Vichaka vya maua ya kunukia Mombasa: asmini yako, vipepeo wako na chozi wako

Kwanza tuelewane kabla hujatoa pesa kwa muuza miche: hamingbadi huku hakuna. Wale ndege wa kwenye video wanaosimama hewani mbele ya ua wako bara la Amerika peke yake, kuanzia Alaska mpaka kule chini kabisa Chile, huku kwetu hata ungepanda nini hawaji. Wetu sisi ni chozi, yule kadege kadogo kenye mdomo mwembamba uliopinda, dume akipigwa na jua anang'aa kijani na zambarau, asubuhi unamsikia kwenye ua la mgomba ama juu kwenye mnazi anapiga kelele kuliko umbo lake. Chozi na hamingbadi hata si ndugu, wamefanana tu kwa sababu riziki yao moja, kunyonya maji matamu ya maua. Tofauti utakayoiona upesi ni kwamba chozi anapenda kutua. Kuelea anaweza kidogo, lakini akipata kitawi cha kushika anashika, na hilo lina maana yake kwa vile utakavyopanda.

Sasa shida ninayoiona ni hii, mtu anasimama kwa wale wauza miche wa kando ya barabara ya Malindi anasema nipe ua la kunukia la kuleta vipepeo na ndege, anauziwa asmini, anapanda, anangoja, mwaka unapita hakuna ndege, anaanza kulaumu udongo. Udongo haukukosa (mara hii). Ua jeupe linalonukia jioni halimwiti ndege wala kipepeo, linamwita nondo. Nondo anatembea gizani, rangi haimsaidii sana, anafuata harufu. Chozi yeye ni mtu wa macho, anaangalia nyekundu na rangi ya machungwa, ua refu lenye tundu la kuingiza mdomo, na ukienda kuyanusa maua yenyewe, hibiskasi, mshubiri, tekoma, utakuta hayana harufu ya maana. Kipepeo yuko katikati, anatembea mchana, anaona rangi, harufu nzuri haimuudhi, ila anataka pa kukanyaga na vijiua vidogo vidogo vilivyokusanyika pamoja. Kwa hivyo usitafute kichaka kimoja cha kufanya kazi zote. Panda cha kunukia kwa ajili yako na nondo, panda cha chozi, panda cha kipepeo, alafu panda na cha kuliwa na watoto wa kipepeo, hicho cha mwisho ndicho watu wanachosahau.

Haya, ardhi. Kisiwani, Nyali, Bamburi, Shanzu, chimba kidogo tu unagonga jiwe la matumbawe. Jiwe hilo ni chokaa, na kwenye chokaa nyingi mmea unashindwa kunyonya madini ya chuma hata kama yamo ardhini. Dalili yake rahisi, majani machanga yanageuka manjano na mishipa inabaki kijani. Watu wakiona hivyo wanaongeza maji, wengine wanamwaga mbolea ya dukani, na jani linazidi kuwa manjano. Iksora na gadinia ndio wanaoumia zaidi. Gadinia ina harufu ya kumlegeza mtu, sikatai, lakini kwa ardhi hii ama uiweke kwenye chungu chenye udongo mwekundu na mboji nyingi ama uachane nayo, kuiweka kwenye jiwe la Nyali ni kuitesa tu.

Ukipanda ardhini toboa shimo la haja, nusu mita kwenda chini na nusu mita upana, kama ni jiwe tumia mtaimbo, na mawe uliyoyapasua yatoe nje usiyarudishe. Jaza udongo mwekundu uliochanganywa na samadi ya mbuzi ama ng'ombe iliyokaa ikaoza vizuri, debe mbili za udongo kwa debe moja ya samadi, na udongo ukishikana sana tia nusu debe ya mchanga. Mchanga wa ufuoni usilete, una chumvi. Vifusi vya fundi pia hapana, saruji nayo imejaa chokaa, na nyumba nyingi mpya ukichimba pembeni ya ukuta ndio vitu unavyokuta humo, matofali vipande, saruji iliyoganda, misumari, alafu mtu anashangaa ua halikui.

Juu tandaza majani makavu, unene wa vidole vinne hivi, yasiguse shina. Sindano za mvinje ni nzuri sana kwa hilo na hazinunuliwi. Yale machimbo ya simenti ya Bamburi ambayo leo ni Haller Park yalikuwa jiwe tupu, René Haller alipoanza kupanda miti pale 1971 mvinje ndio uliokubali vizuri, na sindano zake zilizodondoka zikaliwa na majongoo mpaka zikawa udongo. Sa ukiona jongoo chini ya asmini yako muache, yuko kazini.

Wakati wa kupanda ni masika, mvua zikishashika Aprili hivi mpaka Juni, ukikosa ngoja vuli ya Oktoba na Novemba. Kupanda Januari ama Februari kwenye jua la kaskazi unaweza, ila utabeba mitungi mpaka useme basi. Na maji ndio mtihani wenyewe wa Mombasa. Visima vingi vina chumvi, na maji ya chumvi yanaunguza ncha na kingo za majani, yanakuwa kahawia makavu, mtu anadhani ni kiu anaongeza mengine ya chumvi. Asmini haivumilii. Mhina unavumilia kiasi, bogenvilia kiasi. Kwa asmini tumia maji ya mfereji yakitoka, ya mvua uliyokinga kwenye paa, na kuna hili ambalo watu wanalimwaga kila siku: maji yanayodondoka kwenye ule mpira wa eisii (mashine ya kupoza hewa) nje ya dirisha. Yale hayana chumvi kabisa, ni unyevu wa hewani tu umepozwa ukawa maji, weka ndoo chini yake, kwa joto la Machi na unyevu wetu huu ikifika asubuhi umepata maji ya bure. Mche mchanga mpe kama lita tano kila siku ya pili, yaani mtungi mmoja wa lita ishirini kwa miche minne, asubuhi mapema ama jua likishapoa, miezi miwili mitatu ya kwanza. Mwagia taratibu yazame. Kunyunyiza juu juu kila siku kunafanya mizizi ibaki juu na siku mbili za safari zinatosha kuua mmea.

Tuje kwenye asmini yenyewe. Inataka jua, saa sita kwa siku ama zaidi, kivulini inakuwa majani matupu. Maua yanatoka kwenye vitawi vipya, kwa hivyo ukishamaliza mkupuo mmoja wa maua kata kama theluthi ya kila tawi, itatoa vitawi vingi na kila kimoja kitaleta vifundo vyake. Watu wanaogopa kukata, wanaiacha itambae mpaka juu ya paa la jirani, maua matatu manne huko juu yasiyofikika. Kuzalisha ni rahisi, kata kijiti urefu wa kalamu, kisiwe kichanga sana wala kikavu, toa majani ya chini, choma kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, ama laza tawi refu chini ulifukie katikati na uweke jiwe juu, likishatoa mizizi unalikata kwa mama yake. Kama unataka za kutunga, chuma vifundo alasiri vikiwa vimejaa na bado havijafunguka, magharibi vinafunguka vyenyewe kwenye koja, ukingoja kuchuma asubuhi harufu imeshapungua. Iko ya tabaka moja na ile iliyojazana petali. Iliyojazana ni nzuri kwa kikuba (kile kishada cha kunukia cha wanawake) na nywele, lakini kwa wadudu ya tabaka moja ndio ya maana, nondo anaingiza ulimi wake bila kuhangaika.

Na anayetaka kwa nguvu kuona kitu kinachoelea mbele ya ua kwa mabawa yasiyoonekana, kaa barazani magharibi mbele ya asmini ama maua meupe yoyote marefu. Kuna nondo wanene wenye ulimi mrefu wanaokuja saa hizo, wanaelea, wananyonya, wanahamia ua lingine bila kutua hata kidogo. Wapo na wadogo wanaotembea mchana ambao watu wanaapa wameona hamingbadi. Hakika ni nondo.

Kichaka ambacho mimi ningekiweka namba moja Mombasa si asmini, ni mhina. Watu wanauona wa kuchuma majani tu, ya harusi na Idi, hawajui maua yake. Mhina ukiachwa ukachanua unatoa mashada ya vijiua vya rangi ya maziwa, harufu yake inafika mpaka barabarani, na mafuta ya mahina yamekuwa yakitengenezwa kutokana na maua hayo tangu zamani sana. Nyuki wanajaa, vipepeo wanakuja, unastahimili jua, ukame na ardhi mbovu, na hauombi mbolea. Tatizo lake ni wewe mwenyewe: maua yanatoka nchani mwa matawi, na majani mazuri ya hina unayakata pamoja na hizo ncha, kwa hivyo ukichuma kila wakati huoni ua. Panda miwili, mmoja wa majani na mmoja usiguswe, ama ugawe mmoja upande huu na upande huu. Unaota kwa mbegu na kwa vijiti. Matawi ya zamani yana miiba, usiuweke kwenye njia ya watoto.

Muraya nao ni wa kuangalia, ndio ule wa majani madogo ya kung'aa watu wanaopanda kama ua wa kuzungushia nyumba na kuukata mraba kila wiki mbili. Ukiukata hivyo hautachanua. Uache ukue, baada ya mvua kubwa unapasuka maua meupe kwa pamoja, harufu ya maua ya mchungwa, manake ni ukoo mmoja na ndimu. Kilua ni hadithi nyingine. Ni kichaka cha misitu yetu ya pwani, hata kitaalamu kinaitwa Mkilua fragrans, ua lake dogo halina uzuri wa kutisha ila harufu ndio iliyoliweka kwenye vikuba vya mama zetu pamoja na rehani na asmini. Hukua polepole na unataka kivuli cha mti mkubwa, si wa mtu mwenye haraka, lakini ukipata mche halali wa kitaluni usiuachie, na usiende kuung'oa msituni. Mlangilangi wa kawaida ni mti mkubwa, uulizie ule mfupi unaoishia mita mbili hivi.

Kwa chozi sasa. Tekoma ya machungwa, ruselia ile yenye vitawi vilivyolegea na vijiua vyekundu, hamelia, hibiskasi nyekundu ya kawaida ya tabaka moja, na mshubiri wowote unaotoa mkuki wa maua. Kwa hibiskasi utamuona chozi badala ya kuingia kwa mlango anatoboa ua kwa chini na kunywa, wizi mtupu, ua halifaidiki na yeye. Mshubiri ndio usiotaka kazi, unaota juu ya jiwe lenyewe la matumbawe, na ukiwa hauna nafasi wala muda anza na huo. Panda karibu na kitu chenye vitawi vyembamba vya kutulia, chozi akikosa pa kushika hakai. Na utando wa buibui kwenye pembe za baraza usiufagie wote, chozi jike anautumia kushonea kiota chake kinachoning'inia, mara nyingine kwenye waya wa kuanikia nguo kabisa. Watoto wake anawalisha wadudu na vibuibui, si maji matamu peke yake, kwa hivyo bustani iliyopigwa dawa ya kuua kila kitu ni bustani ya njaa kwake hata ikiwa nyekundu namna gani.

Hapo ndipo tunafika kwa vipepeo, na hapa nitasema ukweli ambao wapenda bustani safi hawaupendi: ukitaka vipepeo lazima majani yako yaliwe. Mndimu wa uani ndio shule nzuri. Kuna kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, anataga kwenye majani machanga ya ndimu, kiwavi akiwa mdogo anaonekana ni kinyesi cha ndege kabisa, kahawia na doa jeupe, akikua anakuwa kijani na ukimgusa anatoa vipembe viwili vya machungwa kichwani vyenye harufu kali. Watu wanamuua huyo alafu wanaenda kununua ua la kuleta vipepeo. Mndimu mkubwa haufi kwa viwavi kumi. Mche mdogo ndio unaweza kunyolewa, huo wahamishe kwa mkono uwapeleke kwenye mti mkubwa. Mjohoro nao na jamaa zake wanaliwa na wale vipepeo weupe wenye ukijani wanaopita kwa makundi. Talakushe, ile mboga ya Wagiriama na Wadigo, ukiiacha kwenye kona ichanue inalisha wakubwa kwa maua na watoto kwa majani, na jioni unachuma mchuzi wako. Maua ya kuwanywesha wakubwa: pentasi, nyekundu ama waridi, ambayo asili yake ni Afrika ya huku huku kwetu, plumbago ya buluu, iksora kwenye chungu, na mrehani ukiuacha utoe mashada badala ya kuukata kila siku.

Kama unadhani kufuga viwavi ni mchezo wa watoto, pale Gede tangu 1993 kuna mradi wa Kipepeo ambapo watu wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko Sokoke wanalea viwavi na kuwauza wakishakuwa pupa (wamejifunga ganda kabla ya kugeuka vipepeo) nje ya nchi kwa maonyesho, ni pesa halali kabisa na msitu unabaki umesimama. Ukipita njia ya Malindi ingia uangalie ni miti gani wanaowalishia, utajifunza kuliko kwa kusoma.

Upepo usiudharau. Kusi inapiga toka kusini mashariki miezi mingi ya katikati ya mwaka na ukiwa karibu na bahari inabeba chumvi, kipepeo hawezi kutulia kwenye ua linalopepesuka. Ukuta, bogenvilia ama ua wa makuti uwe upande huo, vichaka vyako viwe nyuma yake penye jua la asubuhi. Weka na sahani ya mchanga uliolowana, vipepeo dume wanakuja kunyonya chumvichumvi hapo.

Vya kuepuka: lantana, najua inaleta vipepeo kuliko kitu chochote na rangi zake nzuri, lakini ndege wanabeba mbegu zake na ikishaingia kwenye kichaka cha watu haitoki, na mifugo ikiila inaumwa. Malkia wa usiku ananukia sana ila ni sumu, oleanda sumu zaidi, kwa nyumba ya watoto na mbuzi wa mtaani wanaoingia bila kubisha hodi, hapana. Franjipani panda kwa ajili ya pua yako ukipenda, ila ua lake halina hata tone la maji matamu, linawadanganya nondo kwa harufu tu. Dawa, usipige. Hata ile ya mwarubaini ambayo watu wanaiona haina neno, kiwavi akiila haendelei kukua. Wale wadudu weupe wenye unga kwenye asmini wapanguse kwa kitambaa na maji ya sabuni, rudia baada ya siku chache. Na kunguru wetu hawa, wanakula mayai na makinda ya chozi bila huruma, taka zako za jikoni zifunike, kunguru anayekuja kwa ajili ya mabaki ya samaki ndiye atakayekiona kiota.

Anayekaa fleti naye asijitoe. Ndoo tatu za rangi za lita ishirini zinatosha kwa roshani yenye jua: ya kwanza asmini, ya pili pentasi na rehani pamoja, ya tatu mshubiri ama ruselia. Osha rangi yote, toboa matundu sita chini, tia kokoto kidogo, alafu ule mchanganyiko wa udongo na samadi. Mara moja kwa mwezi mwaga maji mengi yasiyo na chumvi mpaka yatoke chini kusafisha chumvi iliyokusanyika, ya eisii yanafaa sana hapa. Ila weka sinia chini ya kila ndoo kabla ya kuanza, manake maji ya samadi yakidondokea kanzu ya jirani wa chini iliyoanikwa siku ya Ijumaa, asmini haitakusaidia.